Mdomo wa Siwatu

Jumatano, tarehe kumi na tisa Februari, saa nne asubuhi, mke wangu Siwatu alifungua mdomo mbele ya watoto ili aseme ma, na ma haikutoka. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Wapo watakaowaambia kiliharibika kabla, na wapo watakaosema baadaye, kila mtu na tarehe yake, ila hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilisimama dirishani pa darasa na ndoo yangu na tambara langu, namsubiri anipe ufunguo wa nyumba, nikauona mdomo wa mke wangu umefunguka kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Mkono mmoja umeshika fimbo, ncha ya fimbo iko kwenye chati iliyopigiliwa juu ukutani nyuma yake. Mkono wa pili umeshika kifua. Na watoto, darasa zima, wameukodolea macho ule mdomo kama walivyofundishwa, mikono wameikunja, wanasubiri. Ulipofunguka, na wao wakafungua. Ulipobaki wazi, na wao wakabaki wazi. Ulipotetemeka, na wao wakatetemesha. Watoto wa miaka sita wakafa naye kwa kumwigiza, kimya, kwa adabu, mpaka Siwatu alipoanguka, na hapo wote wakainamisha vichwa, maana walidhani ndiyo silabi inayofuata.

Mkaguzi alipopita baadaye alisema darasa lilikuwa na utulivu mzuri.

Tangu hapo haijawa Alhamisi. Nimeamka mara nyingi, nimelala mara nyingi, kaburi limeota majani, mjukuu amepoteza meno ya mbele na kuota mengine, lakini ukiniuliza leo siku gani nitakwambia Jumatano. Sina siku nyingine. Waliozichukua wako nyuma ya Ubao, nendeni mkawaulize huko.

Mji wetu hauna jina, una Ubao. Ubao ni mweusi, mrefu kuliko nyumba zote, umesimama upande wa mashariki, kwa hiyo hata jua linalotujia limeshapita kwanza kwa Wakuu. Wakuu wanakaa nyuma yake. Sura zao hatuzijui, tunajua mikono. Kila asubuhi mikono inachomoza kwenye vidirisha vya Ubao, imeshika chaki nene kama michi, inaandika, inarudi ndani. Ikiandika, vumbi linashuka. Linashuka kwenye mapaa, kwenye uji, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vichwa vya watoto mpaka wanaonekana wazee wadogo waliosahauliwa kufa. Mji mzima unakohoa. Tulidhani kukohoa ni ukoo wetu, kama wengine walivyo na pua ndefu.

Na kila jioni mimi napanda ngazi na tambara la maji, nafuta.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Mfutaji. Nimefuta maandishi ya mji huu tangu ndevu zangu hazijaota na sijawahi kuyajua yanasema nini. Wanacheka wenye kucheka. Lakini fikirini kidogo: mtu wa kufuta barua zenu mngemtaka ajue kusoma? Walinichagua kwa sifa hiyo. Chini ya Ubao pamechorwa Mstari, na kila mtoto akifika umri anasimamishwa hapo, Mkaguzi anainua kadi yenye neno moja, mtoto anasoma. Akisoma, anavuka, anakwenda kuishi nyuma ya Ubao. Asiposoma anageuzwa alikotoka. Wa kiume hupewa tambara la kupangusia vumbi, na mmoja wao hupandishwa ngazi ya Ubao; wa kike hupewa fagio la kufagia vumbi la chaki, na wenye fagio hawazeeki. Binti yetu, mama yake Mboni, alipewa fagio. Vumbi lilimmaliza bado ananyonyesha. Mboni akabaki kwa bibi yake, na bibi yake alipoanguka mbele ya darasa, Mboni akabaki kwangu, mimi ambaye nilisimama kwenye Mstari huo huo utotoni nikakodoa macho kama samaki.

Sasa kuna jambo lilinikaa kichwani siku zote nikiwa juu ya ngazi. Herufi ambayo haijasomwa, sauti yake inalala wapi? Naiona pale, imechorwa, ina tumbo, ina mguu, imetulia kama mtu aliyekaa kibarazani na hakusalimii. Ukipita unajua ana sauti. Ukipita kesho bado amekaa. Unaanza kumchukia. Unaanza kufikiri anazungumza ukishampa mgongo. Nimezifuta herufi kwa chuki, nawaambieni kweli, nimezikandamiza kwa tambara kama mtu anayemziba mwenzake pua, na hakuna hata moja iliyopiga kelele. Na pengine mtawala ni hivyo tu, yule anayejua sauti za vitu vilivyonyamaza, na kazi yake yote ni kuhakikisha wewe huzijui. Sikusoma, msinidai maneno mazuri zaidi ya hayo.

Turudi msibani. Mkaguzi alikuja. Mrefu, kanzu imenyooka, kitambaa cheupe mdomoni kimefungwa kwa nyuma. Wote wa nyuma ya Ubao wakitoka huku kwetu huvaa hivyo. Sisi tulidhani ni desturi ya ukubwa, kwamba mtu mkubwa haonyeshi meno yake kwa kila mpita njia. Mboni, mtoto mwenye adabu ya bibi yake, akamwamkia.

"Shikamoo."

Mkaguzi hakuitika. Akanitazama mimi.

"Pole, Mfutaji. Lakini tangazo lilikuwepo."

"Tangazo gani?"

"Liko Ubaoni. Mstari wa juu kabisa. Linaandikwa kila siku."

"Bwana Mkaguzi, mimi ndiye ninayeufuta ule Ubao."

"Basi unalijua kuliko sisi," akasema, na nyuma ya kitambaa nikaona mashavu yanapanda. Alikuwa anacheka. Msibani kwangu, wanawake wanalia ndani, mkeka wa marehemu haujakunjwa, na yule bwana anacheka ndani ya kitambaa chake kisafi. Akageuka kwa Mboni. "Na huyu bado anakuja Mstarini Ubao ukipakwa rangi mpya. Mwandae."

Mwandae! Nimwandae kwa kipi?

Nikakata maboksi ya sabuni vipande vipande, nikaandika herufi nilizokumbuka, maana nilifika darasa la pili kabla sijapewa tambara. Nikamkalisha Mboni uani.

"Hii inaitwa ke. Hii inaitwa a. Haya, soma."

"Kea."

"Siyo kea. Ka."

Mboni akakichukua kile kipande, akakigeuza, akachungulia nyuma yake.

"Sasa e imekwenda wapi, babu?"

"Wameichukua Wakuu."

Alikubali. Katika mji wetu jibu hilo linatosha kwa vitu vingi. Lakini mimi mwenyewe halikunitosha. Nilijua ke ni jina la ile herufi, na jina la mtu siyo sauti yake ya kukohoa, na kwamba kuna namna ya kuiamsha bila kuiita jina, ila namna hiyo siikumbuki. Jirani yetu Mama Zawena alikuwa anapepeta mchele upande wa pili wa ua. Mwanamke yule ana ulimi ambao ungeweza kuparua sufuria.

"Babu Mboni, we! Unamfundisha mtoto au unamgombanisha na maboksi?"

"Endelea na mchele wako."

"Naendelea. Ila Zawena wangu anakwenda Mstarini na huyo wako, na wangu anaimba ma me mi mo mu mpaka kuku wanaitikia. Wako anatafuta e iliyopotea!"

"Zawena anaimba. Kuimba siyo kusoma."

"Ah! Na wewe unayejua tofauti ndiye umeshika tambara?"

Nilimgeukia Mboni kwa hasira isiyokuwa yake, nikampangia ma me mi mo mu, nikamwambia soma. Akasoma. Yote. Nikapanga sa se si so su, akasoma. Nikachanganya, akasoma. Nikaita, Mama Zawena njoo usikie! Halafu nikakohoa. Nilikohoa sana, nikainama, nikaziba uso kwa kiganja, na kwa mkono mwingine nikamwashiria Mboni aendelee. Akanyamaza. Nikamwashiria tena. Kimya. Nikainua uso, nikakuta hatazami vipande kabisa. Ananitazama mimi, kinywani, ametoa shingo mbele, anasubiri.

"Mboni, endelea."

"Umeuficha mdomo, babu."

Kumbe nilikuwa nasoma naye. Bila sauti, midomo yangu ilikuwa inatangulia, inabana kwenye ma, inachongoka kwenye mu, na mtoto anafuata nyuma kama kifaranga. Nikachukua kipande cha kanga ya Siwatu, nikajifunga kuanzia puani, nikapanga tena. Mboni akakitazama kile kitambaa. Akakitazama kwa muda mrefu. Machozi yakamlenga.

"Bibi alikuwa hafungi," akasema.

Hapo, nyie mlio nyuma ya Ubao, hapo ndipo nilipowaelewa. Chati moja. Mkaipigilia juu, nyuma ya mwalimu, mbali na watoto. Mkaweka sheria kwamba herufi haziguswi, zisije zikachakaa. Mkaweka sheria kwamba mtoto mwenye adabu anamtazama mwalimu, mikono ameikunja. Basi watoto wakamtazama mwalimu. Walisoma kile kilichokuwa karibu, chenye joto, chenye kuwapenda, wakausoma mdomo wa Siwatu, mwaka baada ya mwaka, vizazi na vizazi, halafu mkawasimamisha mbele ya Mkaguzi mwenye kitambaa mdomoni. Mtoto anasimama pale anatafuta neno kwenye uso wa mtu na uso umefungwa. Ndivyo nilivyosimama mimi. Ndivyo alivyosimama binti yangu, hadi leo namwona, anakodoa, anatafuta. Nyie mkaita hiyo kufeli.

Nilimbeba Mboni nikampeleka Ubaoni.

Ilikuwa jioni, wakati wangu wa kufuta, na mjini kote mtu mwenye ruhusa ya kugusa herufi ni mimi peke yangu, kwa sababu nazigusa kuziua. Nikampandisha ngazi mbele yangu, uso wake Ubaoni, mgongo wake kifuani kwangu. Kanga ya Siwatu nilikuwa bado nimejifunga; nyingine nikamfunga yeye, asipaliwe na vumbi. Nikamshika kidole. Nikakipitisha juu ya herufi ya kwanza, ile yenye migongo miwili, polepole, inapanda, inashuka, inapanda, inashuka. Na mimi nikafunga midomo, nikanguruma kwa ndani.

Mmmmm.

Hakuweza kuniona. Hakuwa na mdomo wa kutazama. Alikuwa na kidole chake kwenye chaki na mngurumo wangu kwenye uti wa mgongo. Akashtuka kama aliyegusa ng'ombe aliyelala.

"Imenguruma, babu."

"Hiyo ndiyo sauti yake. Jina achana nalo."

Tukapita kwenye duara yenye mkia. Aaaa. Kifua changu kikafunguka, na mgongo wake nao. Mmmm. Aaaa. Mmmaaa. Kidole kinasogea, sauti inasogea, hakuna nafasi katikati. Pale juu, nakwambieni, sikujua tena nani ni nani. Niliisikia ma ikipita kwangu kwenda kwa mtoto na nikajua ni ile ma ya saa nne asubuhi, ile iliyokwama, imezunguka mji mzima ikitafuta kifua cha kutokea. Nilikuwa Siwatu mwenye ndevu. Nilikuwa mtoto Mstarini, na nyuma yangu mtu fulani mkubwa ananguruma, mtu ambaye alipaswa kuwepo siku ile na hakuwepo. Ngazi ikawa ndefu, chini yetu mapaa yakawa madogo kama vile vipande vya maboksi. Halafu Mboni akasukuma kidole chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza.

"Mma. Ji. Ma, ji." Akarudia haraka. "Maji." Akageuka nusu aanguke. "Babu! Yamesema yenyewe! Sikukutazama, yamesema yenyewe!"

Tulirudi kila jioni, kama jioni zilikuwa nyingi. Kwangu ni moja. Tulianza na mstari wa chini. Nilikuwa sifuti mpaka kidole chake kipite. Zilipokuwa herufi zisizoweza kunguruma, zile za kupasuka, nilimgonga begani, tk, tk, na yeye akazirukia haraka akaziunganisha na inayofuata. Alikosea. Alilia. Mara alinipiga teke la goti akasema herufi zote ni mbwa. Nikamwambia ndiyo, ni mbwa, lakini sasa wanakujua. Na jambo la ajabu, ingawa wakati ule sikulipa uzito, kikohozi changu kilianza kupungua.

Jioni moja Mama Zawena alipita chini ya ngazi na ndoo kichwani, tupu, miguu imejaa vumbi. Alikuwa bombani tangu alfajiri.

"Shuka na huyo mtoto, Babu Mboni, utakuja kutuzikisha tena!"

"Mama Zawena," Mboni akaita kutoka juu, kidole kikiwa Ubaoni. "Leo hakuna maji."

"Nani kakwambia, wewe mchawi mdogo?"

"Pameandikwa. Le-o ha-ku-na ma-ji."

Mama Zawena akaishusha ndoo taratibu. Akautazama Ubao. Akaitazama foleni ya watu wanaorudi na ndoo tupu, mmoja mmoja, wanakohoa.

"Wameandika saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema. "Wanaandika asubuhi."

Akakaa juu ya ile ndoo. Nilidhani ataniparua. Badala yake akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Na Zawena wangu? Utampandisha na Zawena wangu?"

"Mlete."

"Alikuwa anaimba vizuri, jamani." Akafuta uso kwa kanga. "Alikuwa anaimba vizuri sana."

Zawena akaja. Mmoja mbele ya mwenzake, mimi nyuma, migongo mitatu imepangwa kama vibakuli, sauti inatoka kwangu inapita mtoto wa kwanza inamfikia wa pili. Tukapanda mstari baada ya mstari. Ule wa juu kabisa hatukuufikia. Vipago vya juu vya ngazi vimeoza, havibebi zaidi ya mmoja, na huko mimi nafuta kwa tambara lililofungwa kwenye mti mrefu. Nilitaka kuufikia. Maneno ya Mkaguzi msibani yalikuwa yananiwasha kama upupu.

Lakini kabla ya siku ya Mstari kulitokea jingine, na hili ndilo limenifanya niandike kwa hizi herufi mbovu alizonifundisha mjukuu wangu. Tulipita pale darasani. Mboni akachungulia dirishani, palepale niliposimama na ndoo yangu. Akaanza kucheka.

"Babu, ile chati imesimama kwa kichwa!"

"Imefanyaje?"

"Iko juu chini. Miguu ya herufi yote iko hewani. Aliyeipigilia kaigeuza!"

Akaendelea kucheka. Mimi nilishika nondo za dirisha. Nilikumbuka ukuta ule ulipopigwa lipu upya. Chati ikatolewa, ikarudishwa. Hiyo ni kabla Mboni hajazaliwa. Miaka yote hiyo Siwatu alinyoosha fimbo nyuma yake bila kugeuka, akaigonga chati, akasema ma me mi mo mu kwa mpango ule ule aliofundishwa na mwalimu wake, ambaye alifundishwa na mwalimu wake. Hakugeuka. Hakuwa na sababu ya kugeuka. Siwatu wangu, aliyeheshimiwa mji mzima, niliyekuwa namnyenyekea kitandani kwa sababu yeye ni mwalimu na mimi ni tambara, Siwatu wangu naye alikuwa ameusoma mdomo wa mtu, na kwa kuuimba vizuri akapewa fimbo badala ya fagio.

Wala sitaki mtu amcheke. Nitamvunja taya. Aliwapa watoto kila alichopewa, na alichopewa kilikuwa mdomo, akautoa mpaka ukamwisha. Anayenichefua ni mwingine. Kila mwaka Mkaguzi aliingia darasa lile. Yeye anasoma. Yeye aliiona chati inaning'inia kwa miguu, akaona mwalimu anaigonga, akaona watoto wanaimba. Alisimama pale na kitambaa chake, akatingisha kichwa kwamba vizuri, akaondoka. Mjini kote alikuwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema, jamani, igeuzeni.

Haya. Ubao ukapakwa rangi mpya, mikono ikachomoza, ikaandika, vumbi likashuka kwa wingi kama linavyoshuka siku hiyo. Mji mzima ukaja Mstarini kukohoa pamoja. Mimi nikawekwa juu ya ngazi na mti wangu na tambara bichi, maana siku hiyo Mfutaji husimama tayari. Nilikuwa nimejifunga kanga ya Siwatu. Mkaguzi akanitazama, nikaona nyusi zake zimekutana.

Wakapita watoto wengine. Sitawaeleza. Wanasimama, wanakodoa, wanakitafuta kile kitambaa, wanageuzwa. Fagio. Tambara. Fagio.

Ikafika zamu ya Mboni. Mabega madogo, gauni la shule la mama yake limekunjwa kiunoni. Akasema shikamoo. Haikuitikiwa. Mkaguzi akainua kadi. Nilifunga midomo ndani ya kanga, nikanguruma bila kujijua, huko juu peke yangu, kama anaweza kunisikia mgongoni.

Mboni hakuutazama uso wa Mkaguzi hata kidogo. Aliitazama kadi. Kidole chake kikasogea ubavuni, kinachora hewani.

"Ki," akasema. "Ti. Kiti."

Mtu akaangusha kitu kwenye umati. Mama Zawena akapiga kigelegele, akakikata katikati kwa kikohozi. Mkaguzi aligeuza kadi, akaikagua kama ndiyo iliyomsaliti.

"Vuka," akasema.

Mboni hakuvuka. Alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalipanda Ubao mzima, mstari juu ya mstari, yakafika kule ambako ngazi yetu haikufika, kwenye herufi kubwa kuliko zote, na midomo yake ikaanza kuhangaika.

"Vu. Vu, mmm... vumbi."

"Mtoto, vuka."

"Li-na. Linaua." Kidole chake kikasogea hewani. "Vumbi linaua. Fu-ni-ka. Funika. Mdo, mdomo." Akarudia yote kwa pamoja kama maji yanayomwagwa, kwa sauti ya kuitikisa ngazi yangu. "Vumbi linaua. Funika mdomo."

Umati haukukohoa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuusikia mji huu bila kikohozi. Mama Zawena alishika ncha ya kanga yake, akaiinua taratibu mpaka puani. Jirani yake akamwona, akainua yake. Na mwingine. Wote sasa wanamtazama Mkaguzi, wanakitazama kitambaa chake cheupe, kile tulichokiita desturi ya ukubwa.

Kila siku, alisema msibani. Linaandikwa kila siku. Na kila jioni mkono huu, mti huu, tambara hili. Wapo watakaosema nililifuta mimi. Nakataa. Nakataa hapa na nitakataa kaburini. Binti yangu alifagia chini ya maneno yale. Mke wangu alitembea kwenda kazini chini ya maneno yale, mdomo wazi, mdomo ambao mji mzima uliuhitaji uwe wazi.

"Mfutaji," Mkaguzi akaita. "Futa."

Nimeshika mti. Tambara linadondosha maji kwenye kipago, tone, tone.

"Futa, mzee! Hujasikia?"

Nimesikia. Ni Jumatano bado. Sijashusha mti na sijaupandisha. Mikono imechomoza kwenye vidirisha vyote, imetulia, chaki zimening'inia. Mboni amesimama na vidole vya miguu vikiugusa Mstari, upande wetu, hajavuka, Zawena amekuja kusimama nyuma yake amemwegemea mgongo, na mjukuu wangu anamtazama yule bwana pale kitambaa kinapovimba na kusinyaa, anamuuliza polepole, silabi kwa silabi, ili asikosee:

"Mdomo mnao. Kwa nini mliandika tu, hamkusema?"